Nyumba ya Kasubi

Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango. Methali hiyo yatufaa tuihukumupo Muzibu Azaala Mpanga, nyumba iliyo juu ya kilima cha Kasubi, mjini Kampala. Kabaka Muteesa wa Kwanza aliijenga mwaka 1882 iwe jumba lake. Alipofariki mwaka 1884 alizikwa humo, na jumba likawa kaburi. Baadaye walizikwa humo Makabaka wengine watatu.

Kwa nje ni paa la nyasi la mviringo, lishukalo karibu kugusa ardhi. Apitaye mbio ataliita kibanda kikubwa, basi. Lakini aingiaye huona pete 52 zilizolishika paa, moja kwa kila ukoo wa Baganda. Pazia la nguo ya gome la mti huyaficha makaburi. Nyuma yake, kwa imani yao, upo msitu mtakatifu, na Kabaka hafi bali hutoweka humo. Kuezeka ni kazi ya ukoo wa Ngeye. Huo ndio uzuri wake: ni taifa zima chini ya paa moja, na kila ukoo una mahali pake.

Kasoro yake ni kwamba nyasi na moto havipatani. Tarehe 16 Machi 2010 iliteketea. Ilijengwa upya, na mwaka 2023 UNESCO iliiondoa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Je, ni ile ile, au ni mfano wake tu? Swali hilo huulizwa pia juu ya Banda la Dhahabu la Kyoto, Ujapani, lililokuwa makao ya mtawala Yoshimitsu kabla ya kuwa hekalu la Kibudha. Liliungua mwaka 1950, likajengwa tena mwaka 1955.

Mimi nakubali kwamba miti ya kale hairudi. Lakini tazameni nyumba ya Kisomali ya fito na mikeka. Mama huivunja, huipakia juu ya ngamia, na huisimamisha kwingine; fito zilizooza hubadilishwa, wala mtoto haulizi kama ni nyumba nyingine. Aijua kwa mikono ya mamaye.

Basi Kasubi haikufa kwa moto. Itakufa siku kijana wa Ngeye atakapokuwa hajui kuezeka. Nanyi msomao hapa Dadaab, ambako kambi zilianza mwaka 1991, jiulizeni: ni nani kati yenu ajuaye kupinda fito? Asiyejua, na amwulize bibi yake leo.