Sikiliza Rithimu Kwanza

Jumamosi moja baada ya mbaazi kuuzwa, hapa Bonga, nilikaa kwenye harusi ya jirani nikasikia neno lililoninyima usingizi. Bendi iliyoletwa kutoka mjini ilikuwa imemaliza kibao cha tatu, wanenguaji wanafuta jasho, shemeji yangu akanigeukia uso umemng'aa: "Shemeji, hawa ni Simba Wanyika waliofufuka." Meza nzima ikaitikia. Nilinyamaza, kwa sababu harusi si mahali pa ubishi na bibi harusi nimemwona akikua. Lakini jina lile halitajwi ovyo, na mimi niliyepiga rithimu miaka minane katika kumbi za Arusha siwezi kuliacha lipite.

Niseme nilichosikia. Kinanda kilikuwa kimerekodiwa mapigo, kikafanya kazi ya mkaanga chipsi, yaani mpiga drami, na ya tumba kwa pamoja. Solo ilikuwa na vidole vyepesi, sikatai. Mwimbaji ana sauti. Gitaa la rithimu, ambalo ndilo lililonipeleka karibu na jukwaa, lilikuwa linajaza kila nafasi kama mtu anayeshindilia magunia, na chemko, ile sehemu ya kucheza inayofuata beti, ilipoanza likaacha kazi yake likaanza kuifuata solo. Hapo bendi ikawa imekufa, ingawa ukumbi ulikuwa unapiga vigelegele.

Watu wengi wakiihukumu bendi humtazama mwimbaji, kisha solo, kisha wanenguaji. Mwimbaji akiwa na sauti ya juu, watasema bendi kali. Solo akipeleka mkono chini kabisa ya shingo ya gitaa na kufumba macho, watamtunza noti. Hawa wote wako mbele, na wa mbele hufunika makosa. Anayeijua kazi huanzia nyuma, kwa yule anayesimama karibu na spika yake bila kutikisika, ambaye mara nyingi hakuna anayekumbuka alivaa shati gani.

Siri ya rithimu iko kwenye pengo. Mpiga rithimu hodari hazikung'uti nyuzi zote kwa mpigo mmoja. Anazivunja: uzi huu, kisha ule, anarudi juu, anashuka, mzunguko ni ule ule dakika nane nzima. Na mahali fulani ndani ya mzunguko kiganja kinagusa nyuzi, sauti inakatika. Ukimya huo ni mfupi kuliko kukonyeza jicho. Humo ndimo solo inamoingilia, ndimo tumba inamojibu, ndimo mguu wa mchezaji unamoinukia. Mchezaji hajui kwa nini mwili wake umekuwa mwepesi. Anadhani ni bia. Ni lile pengo. Mpiga rithimu asiyefundishwa huliona kama uvivu, akalijaza. Anaongeza nyuzi, anaongeza kasi ya mkono, anadhani anatoa zaidi, kumbe ameuziba mlango ambao wenzake wote walikuwa wanaingilia.

Kwa hiyo fanya hivi. Bendi ikianza, geuza kiti uliangalie lango, si jukwaa. Muache mwimbaji aende zake. Itafute rithimu katikati ya kelele, kati ya besi na solo, na ukiipata usiiachie. Ihesabu kwa mguu. Sikia inakatika wapi. Kisha subiri beti ziishe na chemko ianze, maana chemko ndiyo mahakama. Wapulizaji wanaingia, tumba zinapanda, watu wanapiga kelele, na kila mpigaji anatamani kukimbia. Rithimu ya kweli haikimbii. Pengo linabaki palepale lilipokuwa kwenye ubeti wa kwanza, na joto linapanda juu yake kama moshi juu ya jiko lisilosogezwa. Ikikimbia hata kidogo, umeshajua unachotaka kujua. Wapo wanaokimbiza mwendo makusudi ili ukumbi upige mayowe. Huo ni ulaghai.

Aliyenifundisha alikuwa mzee mmoja pale Arusha, mkali, mwembamba, hakunywa soda wala pombe. Alinipa mzunguko mmoja tu wa kupiga. Kisha yeye anatoka, hatua zake zikifuata mapigo yangu, anakwenda dukani kununua kiberiti, anarudi kwa hatua zile zile. Akifika mlangoni, mguu wake na gitaa langu vikipishana, tunaanza upya. Nilidhani ananionea. Miezi mitatu sikugusa wimbo wowote mzima. Ni mzunguko na kiberiti, mzunguko na kiberiti. Siku mguu na gitaa vilipokutana hakusema neno, aliniambia tu nibebe gitaa tuende ukumbini.

Wa upande wa pili nao nimewaona. Miaka michache iliyopita, kwenye ukumbi mmoja wa mjini nisioutaja, bendi ilisifiwa mpaka nikafunga safari kuisikiliza. Rithimu ilikuwa safi ajabu, imenyooka, kila pengo mahali pake. Nikazunguka nyuma ya jukwaa nimpe mkono yule kijana. Nikakuta waya wa gitaa lake umeishia kwenye fundo chini ya kapeti. Rithimu ilikuwa inatoka kwenye kompyuta. Aliniona nimeona, akainamisha kichwa, akaendelea kusogeza vidole. Nilimhurumia kuliko nilivyomkasirikia, kwa sababu mikono yake ilionyesha anajua. Mwajiri wake ndiye aliyekataa kulipa fundi mitambo wa kuisawazisha.

Sasa turudi kwa Simba Wanyika, maana jina ndilo lililoleta haya. Ndugu wa ukoo wa Kinyonga, Wilson na George, walitoka Tanga, walikopigia Jamhuri Jazz. Mwaka 1970 walihamia Arusha na kuanzisha Arusha Jazz, na mwaka 1971 walikuwa wameshavuka mpaka, wako Nairobi, jina limekuwa Simba Wanyika. Wilson alishika solo, George rithimu, na wote wawili waliimba. Kupanda kwao hakukuletwa na mavazi wala kelele. Sikiliza santuri zao: magitaa yanapishana kama wafumaji wawili wa mkeka mmoja, huyu akiweka ukindu yule anauvuta, na katikati kuna hewa. Hewa hiyo ndiyo iliyowafanya wasikike Mombasa, Arusha na hata huku kwetu kwenye redio za betri.

Na kama unataka ushahidi kwamba bendi husimama kwa nyuma, uko hapo hapo. Mwaka 1978 waliojitoa Simba Wanyika hawakuwa wale ndugu wenye jina. Walikuwa Omar Shabani wa rithimu, Tom Malanga wa besi na Rashid Juma wa drami. Wakaungana na John Ngereza, wakajiita Les Wanyika, na kibao chao "Sina Makosa" kikaitingisha Afrika Mashariki yote. Simba Wanyika hawakufa, walijenga upya na kutoa vibao vikubwa miaka ya themanini, lakini jifunze kilichotokea: rithimu, besi na drami zilipohama, zilihama na utamu. Waliomwita Omar Shabani Profesa hawakukosea. Mpaka leo ukitaka kumpima kijana anayejiita mpiga rithimu, mpe "Sina Makosa". Nota zake ni chache, kila mtu anaona ni rahisi, na karibu kila mtu anakijaza.

Vigezo vingine nitavipita haraka. Dansi bila wapulizaji wasiopungua wawili ni nusu dansi. Tumba ziwe za ngozi, na mpigaji awe na mikono, si vijiti. Mwimbaji anayewataja wafadhili kabla ya ubeti wa pili hana la kuimba. Sauti mbili zikiimba pamoja, ya chini iwe ya mtu mzima na ya juu iwe nyembamba bila kulia, kama walivyokuwa Muhidin Gurumo na Hassan Bitchuka. Hakuna mpangilio mwingine unaofaa. Wimbo uwe na kisa, na kisa kiwe na mtu ndani yake. Chini ya dakika sita hakuna wimbo, kuna tangazo.

Tena bendi iwe na mtindo wake, wenye jina, unaotambulika kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Western Jazz walikuwa na Saboso. Mlimani Park, tangu 1978, wana Sikinde. Vijana Jazz chini ya Hemed Maneti walikuwa na Pamba Moto. Gurumo na wenzake walipohamia Safari Sound mwaka 1985 walilazimika kutafuta jina jipya, Ndekule, kwa sababu mtindo wa zamani hauhamishwi kama godoro. Leo bendi kumi, mtindo mmoja, nao umetoka kwenye kinanda.

Ubora wa wakati ule ulikuwa na sababu zake. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya Umoja wa Vijana. Polisi, Magereza na Jeshi walikuwa na bendi zao. Vyombo ni vya taasisi, mshahara unaingia mwisho wa mwezi, mazoezi ni kila siku, na Radio Tanzania inawarekodi wote kwa pamoja ndani ya studio moja. Mmoja akikosea, wote wanarudia. Kijana wa leo ananunua nyuzi kwa hela ya harusi ya jana, na mazoezi anafanyia jukwaani mbele ya wageni. Silaumu mikono yake. Naulaumu mdomo unaomwambia amefika.

Maana hiyo ndiyo hasara ninayoiona hapa Bonga. Yule mpiga rithimu wa Jumamosi ana umri wa miaka ishirini hivi, ana sikio zuri. Kwenye kibao cha kwanza kuna sehemu alikata nyuzi mahali penyewe kabisa, mara mbili, nikainua kichwa. Hakuna aliyemwambia kwamba pale ndipo. Walimshangilia alipoharibu. Nilimwita asubuhi, wakati wanafunga vyombo kwenye gari, nikamwonyesha kwa mkono. Alisikiliza, akauliza swali moja zuri, gari likaondoka.

Wewe unayeandaa harusi msimu ujao, kabla hujatoa kianzio, waombe wapige kibao kimoja bila mwimbaji na bila solo: rithimu, besi na tumba tu, dakika tano. Wakikubali na mguu wako ukainuka wenyewe, walipe. Wakikataa, rudi na hela yako.