Laini ya simu kabla ya cherehani

Nyumba salama wengi wetu tunazijua kwa habari za mabinti wa Mugumu, Serengeti, wanaokimbia ukeketaji msimu wa Desemba. Leo namzungumzia mke wa mtu: amefika usiku na watoto wawili na kanga aliyojifunga, katoka kwenye nyumba ambamo kila kitu ni cha mume kwa maandishi. Wafadhili hupenda kumpa cherehani, na picha yake hupendeza. Lakini mfuatilie msimamizi wa shauri aliyeiva kazini, utaona cherehani inakuja mwishoni kabisa, na pengine haiji.

Kama mama huyo amebakwa, hospitali hutangulia yote mengine, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hazina budi kuanza ndani ya saa 72. Penye Kituo cha Mkono kwa Mkono, daktari, polisi na afisa ustawi wa jamii wako mahali pamoja. Pasipokuwapo, msimamizi huandika maelezo yake mara moja, kisha humsindikiza Dawati la Jinsia na Watoto kuchukua fomu ya polisi ya PF3, asije akasimulia yale yale kwa kila atakayemkuta mezani.

Inafuata tathmini ya hatari, na hapa ndipo ufundi unapoonekana. Miaka ya 1980 muuguzi na mtafiti wa Marekani, Jacquelyn Campbell, alitunga dodoso ambalo bado linatumika nchi nyingi. Mwanamke hupewa kalenda ya mwaka mzima akatia alama siku alizopigwa, na kila alama huandikiwa kipigo kilikuwa cha namna gani. Ndipo yanakuja maswali ya ndiyo na hapana. Ana silaha? Ametishia kukuua? Amewahi kukukaba shingo? Hilo la mwisho lina uzito wa pekee hata kama shingoni hakuna alama, maana tafiti zimeonyesha kwamba aliyewahi kukabwa yuko karibu zaidi na kuuawa na mtu yule yule. Kalenda ina faida nyingine. Aliyeingia akisema “hunipiga mara mojamoja tu” hujionea mwenyewe miezi ilivyojaa alama, bila kuhubiriwa na mtu.

Baada ya hapo ni karatasi, na kwa maoni yangu hapa ndipo mashauri mengi hupona au hufa. Laini aliyokuja nayo imesajiliwa kwa jina la mume, kwa hiyo mume anaweza kuirudisha kwenye kadi mpya kwa wakala na kupokea kila ujumbe unaoingia. Laini mpya inadai alama za vidole na namba ya NIDA. Kama aliwahi kujiandikisha, namba hupatikana hata kitambulisho kikiwa kimebaki kabatini kwa mume. Kama hakuwahi, kuna cheti cha kuzaliwa cha kutafuta na barua ya serikali ya mtaa ya kuomba, na barua hiyo isitaje nyumba aliyojificha. Msimamizi huongea na mtendaji wa mtaa mapema. Laini ikishapatikana, mama anaweza kupokea fedha kwa jina lake, pengine kwa mara ya kwanza maishani.

Mahakamani kuna mtego wake. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mgogoro upite baraza la usuluhishi kabla ya maombi ya talaka, ila imeacha nafasi kwa mazingira ya pekee. Msimamizi anayeijua nafasi hiyo humtafuta wakili wa msaada wa kisheria mapema, mama asije akakalishwa benchi moja na aliyemvunja mkono. Na mali je? Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. (Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu, mahakama iliona alitapanya fedha alizopewa na mume.) Ndiyo maana msimamizi makini humwambia mama aorodheshe shamba alilolima, matofali aliyolipia na risiti zilikobaki.

Sasa ndiyo biashara. Mikopo ya halmashauri isiyo na riba, asilimia 4 ya mapato ya ndani kwa wanawake, hutolewa kwa vikundi, na mgeni wa wiki mbili hana kikundi. Kumkimbiza huko ni kumtafutia deni. Afadhali kibarua cha kutwa na chumba cha kupanga kwanza.

Wapo pia wanaorudi kwa mume. Jalada la aliyerudi halifungwi, mpango tu ndio unaobadilika: nakala za vyeti zinabaki kwa jirani anayeaminika, nauli inawekwa pembeni, na linachaguliwa neno ambalo mtoto akilisikia atajua ni wakati wa kukimbilia kwa balozi wa nyumba kumi.