Uhakiki wa Sinema: Mapenzi, Ukoo na Vita katika "The White Sister"

Sinema bubu ya The White Sister iliongozwa na Henry King mwaka 1923, na picha zake zilipigwa Italia. Imetokana na riwaya ya F. Marion Crawford ya mwaka 1909. Lillian Gish ni Angela, binti wa ukoo wa kimwinyi. Ronald Colman ni Giovanni, askari ampendaye.

Kisa chenyewe ni hiki. Baba anamchagulia Angela mume asiyemtaka. Baba anapofariki ghafla, dada wa Angela wa mama mwingine anauchoma wosia na kumfukuza nyumbani. Giovanni anapelekwa vitani Afrika, na habari zinakuja kwamba ameuawa. Angela anaingia utawa. Kumbe Giovanni alikuwa mateka. Anarudi baada ya miaka, akute mchumba amekwisha kula kiapo. Anamsihi aombe kufunguliwa, naye anakataa.

Kifani, sinema hii ni hodari. Bila sauti, uzito wote wa kukataa huko unabebwa na uso wa Gish, na mtazamaji anaamini.

Dosari imo katika maudhui. Mara mbili mtunzi anamwondoa Giovanni pale mambo yanapokuwa magumu. Kwanza anamezwa na Afrika, ambayo hapa ni mchanga tu wa kumfichia Mwitalia; wenyeji ni maadui, si watu wenye wachumba wao. Kisha Vesuvius inalipuka, mafuriko yanafuata, na Giovanni anakufa akiwaokoa wengine. Tunalia, lakini hatuambiwi wapenzi hao wangeishije mji mmoja siku ya pili yake.

Hapa Kimihurura, penye jengo la Bunge lililopigwa makombora mwaka 1994, swali hilo si la sinema tu. Kwetu, aliyedhaniwa amekufa akirudi, hapo ndipo kisa kinapoanza. Hakuna mafuriko ya kukimaliza.

Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, na wanafunzi wetu wanahitaji jambo zito la kusemea. Basi mwalimu na aisimamishe sinema kabla ya mlima kulipuka, awaambie waandike mazungumzo ya Angela na Giovanni wakutanapo sokoni mwaka mmoja baadaye. Nani atatangulia kuamkia, na mwenzake ataitikaje?