Visawe vya Jeni: Uhakiki wa Kipimo cha Sharp na Li

Wanabiolojia wamekopa mengi kutoka katika isimu: msimbo, unukuzi, tafsiri, na hata visawe. Herufi nne za jeni hupangwa tatu tatu, zikatoa kodoni 64. Kati ya hizo, 61 huwakilisha asidi-amino 20, na tatu zilizobaki ni vituo. Leusini ina kodoni sita; methionini ina moja tu. Kodoni zinazowakilisha asidi-amino ile ile ndizo ziitwazo visawe.

Mwanafunzi wa semantiki angelitilia shaka jina hilo mara moja. Katika bakteria Escherichia coli, leusini huandikwa mara nyingi kwa CUG, ilhali CUA ni adimu. Upendeleo wa namna hii ndio walioutungia kipimo Paul Sharp na Wen-Hsiung Li mwaka 1987. Kwanza huteuliwa jeni zitoazo protini kwa wingi. Humo kila kodoni hupewa thamani kwa kulinganishwa na kisawe chake kitumikacho zaidi. Kisha jeni yoyote hupimwa kwa wastani wa kijiometri wa thamani za kodoni zake, na jibu huwa kati ya 0 na 1.

Hesabu yenyewe haina dosari. Tatizo limo katika ule uteuzi wa kwanza, kwani ateuaye kundi la rejea amekwisha kuamua kipi kitaitwa cha kawaida. Wasomi wa Kiswahili walijua jambo hili bila ya kuingia maabara. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulipochagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, "macho" yakawa kipimo, na "mato" ya Kimvita yakawa lahaja. Beti za Muyaka zikipimwa kwa msamiati wa Kiunguja zitapata alama ndogo; nayo alama hiyo yaonyesha umbali uliopo baina ya Mvita na Unguja, wala haigusi ubora wa mshairi. Jeni yenye alama ndogo nayo si lazima iwe dhaifu.

Frank Wright, mwaka 1990, aliliacha kundi la rejea. Kipimo chake hukadiria ni kodoni ngapi hasa zinazotumika, kuanzia 20 hadi 61. Lakini usawa anaouanzia nao ni dhana: palipojaa G na C, kodoni zinazoishia na herufi hizo zitazidi hata pasipo uteuzi wowote. John Novembre alilirekebisha hilo mwaka 2002 kwa kuutia mgawanyo wa herufi katika hesabu.

Suala hili si mchezo wa takwimu. Mwaka 2007 Chava Kimchi-Sarfaty na wenzake walionyesha kwamba badiliko la "kisawe" katika jeni ya binadamu iitwayo MDR1 liliziacha asidi-amino kama zilivyokuwa, huku protini ikibadilika katika kuhusiana kwake na dawa. Kwa hiyo watungaji wa istilahi za Kiswahili wasikimbilie kuandika "kodoni visawe" kwa kufuata Kiingereza. "Kodoni za asidi moja" ni istilahi ndefu kidogo, lakini haidai zaidi ya kile kilichothibitishwa.