Mdororo, Ukame na Jeraha: Uhakiki wa Istilahi za Besiboli

Udhaifu wa istilahi hauonekani upesi pale mambo yanapokwenda vizuri. Timu ikishinda, msomaji huridhika na neno lolote alilopewa, maadamu matokeo anayajua. Timu inapoanza kushindwa, msomaji hutaka kujua sababu, na sababu haziwezi kuelezwa kwa maneno yasiyotenganisha jambo moja na jingine. Makala haya yanakusudia kuhakiki maneno ambayo mfasiri wa Kiswahili anayo mkononi anapotaka kueleza kipindi kibaya cha timu ya besiboli. Mfano tutakaoutumia ni wa timu ya New York Yankees ya Marekani katika msimu wa 2023.

Yamkini msomaji atauliza kwa nini tuchague mchezo ambao haujaenea kwetu. Sababu ni mbili. Kwanza, habari, filamu na vitabu vinavyotoka Marekani vimejaa besiboli, na mfasiri hawezi kuikwepa. Pili, katika kandanda istilahi nyingi zimekwisha kuzoeleka kutokana na watangazaji na magazeti, nasi hatuna budi kuzifuata hata pale zinapopotoka. Katika besiboli uwanja bado ni mweupe, na neno linaweza kupimwa kabla halijaota mizizi.

Tuanze na habari yenyewe. Mwaka 2022 Aaron Judge wa Yankees alipiga mapigo 62 ya mzunguko, yaani mapigo yanayomwezesha mpigaji kuvizunguka vituo vyote vinne na kurudi nyumbani. Kwa kufanya hivyo aliivunja rekodi ya Ligi ya Marekani ya mapigo 61 iliyowekwa na Roger Maris mwaka 1961. Tarehe 3 Juni 2023, mjini Los Angeles, Judge alikimbilia mpira, akaudaka, kisha akajigonga kwenye lango la ukuta wa uwanja. Kano ya kidole gumba cha mguu wake wa kulia ilichanika, naye akakaa nje hadi tarehe 28 Julai. Wapigaji waliobaki walishindwa kuliziba pengo hilo. Tarehe 9 Julai timu ilimwachisha kazi kocha wake wa upigaji. Mwezi Agosti ilishindwa mechi tisa mfululizo, jambo ambalo halikuwa limeipata tangu 1982. Mfululizo huo ulikatika tarehe 23 Agosti, Judge alipopiga mapigo matatu ya mzunguko katika mechi moja dhidi ya timu ya Washington. Msimu ulikwisha timu ikiwa imeshinda mechi 82 na kushindwa 80, na haikuingia katika michuano ya mwisho.

Hii ni habari fupi, lakini mfasiri atajikwaa ndani yake mara nne.

1. Zamu na wastani

Mpigaji husimama na kirungu chake kumkabili mrushaji. (Gongo lingefaa kwa umbo, ila kwa msomaji wa Tanzania neno hilo limekwisha kuchukuliwa na pombe haramu, na taarifa kwamba mchezaji ameangushwa na gongo ingeeleweka vingine.) Nafasi anayopewa tuiite zamu. Hata hivyo si kila zamu huingia katika hesabu ya wastani wake. Mrushaji akirusha mipira minne nje ya eneo la kupigia bila mpigaji kuifuata, mpigaji hupewa kituo cha kwanza bure, na zamu hiyo haihesabiwi. Kadhalika haihesabiwi zamu ambayo mpigaji amekubali kutolewa kwa makusudi ili mwenzake asogee kituo kimoja mbele. Kwa hiyo zinahitajika istilahi mbili: zamu, na zamu ya hesabu. Mfasiri anayeandika "majaribio" kwa zote mbili anaharibu hesabu, na mwalimu atakayetumia tafsiri hiyo darasani hatapata jibu sahihi.

Wastani wa mapigo ni idadi ya mapigo yaliyomfikisha mpigaji kituoni salama, ikigawanywa kwa zamu za hesabu. Wamarekani huuandika kwa tarakimu tatu baada ya nukta. Wastani wa Yankees mwaka 2023 ulikuwa .227, na katika timu zote 30 za ligi kuu ni moja tu, ile ya Oakland, iliyokuwa chini yao. Tafsiri iliyo rahisi ni kusema kwamba timu ilifaulu kwa asilimia 22.7. Kihesabu ni sawa. Kimaana inapotosha, kwa kuwa msomaji aliyezoea alama za mitihani atadhani wachezaji wote hawafai. Mpigaji anayefikisha 300 kwa kila zamu 1000 huheshimiwa sana, ilhali katika zamu 10 ameshindwa saba. Wastani wa ligi kuu nzima mwaka huo ulikuwa 248. Tofauti kati ya 248 na 227 ni mapigo 21 kwa zamu 1000, nayo haifikii hata pigo moja kwa mechi. Lakini msimu una mechi 162, na pungufu hiyo ikijirudia kila jioni hutosha kuishusha timu. Tunapendekeza tarakimu zisomwe kwa elfu, na kipimo cha ligi kitajwe kando yake.

Hapa ndipo unapoingia mstari wa Mendoza. Wamarekani hutumia jina la Mario Mendoza, mchezaji wa Mexico aliyepata wastani wa .198 mwaka 1979 akiwa na timu ya Seattle, kuutaja mpaka wa .200. Aliye chini ya mpaka huo huonekana hastahili nafasi yake. Giancarlo Stanton wa Yankees, aliyekosa wiki kadhaa mwanzoni mwa msimu kwa kuumia msuli wa nyuma ya paja, aliumaliza mwaka 2023 akiwa na .191. Je, tuandike mstari wa Mendoza au mpaka wa mia mbili? La kwanza lina historia, la pili lina maana. Katika taarifa ya habari tunapendelea la pili. Katika kitabu, ambamo pana nafasi ya kueleza, la kwanza libaki.

2. Kipindi kibaya

Kiingereza kina neno moja la kuanguka huku kwa mchezaji na kwa timu. Kiswahili hakilazimiki kufuata umaskini huo. Tumeyapima maneno yafuatayo.

(a) Mporomoko. Neno hili lina kasi ndani yake: ardhi huporomoka mara moja. Wastani wa mpigaji hushuka polepole, siku kwa siku.

(b) Kushuka kiwango. Hutumika sana katika kandanda. Kasoro yake ni kwamba kiwango ni uwezo wa mtu, na neno linatamka kuwa uwezo umepungua. Huenda haukupungua.

(c) Uzembe, na kauli ya mitaani kwamba mchezaji "amekwisha". Haya ni hukumu, wala hayastahili kuwa istilahi.

(d) Mkosi. Neno hili linamtoa mchezaji hatiani kabla ya kesi kusikilizwa.

(e) Mdororo. Limekwisha kukubalika katika uchumi, na maana yake ni shughuli kupoa kwa kipindi. Linafaa kwa timu nzima.

(f) Ukame. Waandishi wetu wa kandanda husema ukame wa mabao. Ukame wa mapigo ungeeleweka mara moja bila maelezo. Neno hili linataja kinachokosekana bila kumtaja mwenye kosa. Shamba likikauka, mkulima haitwi mvivu mpaka ijulikane kama mvua ilinyesha.

Kwa hiyo tunachagua mdororo kwa timu, na ukame wa mapigo kwa mpigaji. Mechi tisa za Agosti ni jambo la tatu, nazo ziitwe mfululizo wa kushindwa. Mfululizo huhesabika, mdororo hauhesabiki.

3. Jeraha na majeruhi

Magazeti yetu huandika kwamba mchezaji fulani "amepata majeruhi". Majeruhi ni mtu aliyejeruhiwa. Hawezi kupatwa na mtu kama yeye. Lililompata ni jeraha. Kosa hili limeenea kiasi cha kuanza kuonekana sahihi, na walimu hawana budi kulikemea.

Hata jeraha lenyewe halitoshi. Kwa asili ni kidonda, mahali palipokatika au kupasuka, na michezo imelipanua neno likachukua kila aina ya kuumia. Upanuzi huo tunaukubali, mradi aina itajwe. Kano iliyochanika si mfupa uliovunjika, na kiungo kilichoteguka si msuli uliovutika. Mfasiri anayeandika kuwa Judge "aliumia mguu" amesema kweli, lakini amemnyima msomaji kitu cha kumwonyesha kwa nini kidole kimoja kilimweka mtu nje karibu wiki nane: mpigaji huegemea mguu wa nyuma anapozungusha kirungu, na mguu wa nyuma wa Judge, anayepiga kwa mkono wa kulia, ni huo wa kulia.

4. Orodha ya majeruhi

Mchezaji asiyeweza kucheza kwa kuumia huandikwa katika orodha maalumu, na timu hupata ruhusa ya kumwita mwingine badala yake. Hadi msimu wa 2018 jina rasmi la orodha hiyo lilikuwa na neno ambalo kwa Kiswahili ni walemavu. Februari 2019 uongozi wa ligi ulilibadili. Watetezi wa haki za watu wenye ulemavu walikuwa wameeleza kwamba kumwita mlemavu kila mchezaji aliyeumia ni kueneza dhana kuwa mlemavu hawezi kucheza michezo. Sisi tungependa kuongeza hoja ya kiistilahi: ulemavu ni hali ya mtu, na jeraha ni tukio lililompata. Hata katika kufasiri maandishi ya kabla ya 2019 tunapendekeza orodha ya majeruhi, ila pale ambapo badiliko la jina ndilo linalozungumzwa.

Orodha hizo hutajwa kwa siku: ya siku 10, ya siku 60, na ya siku 7 kwa waliopata mtikisiko wa ubongo. Mtumishi wa ofisini, aliyezoea likizo ya ugonjwa yenye mwanzo na mwisho, atazifahamu kuwa ndio ukomo. Sivyo. Ni muda wa chini kabisa: Judge aliandikwa katika orodha ya siku 10 na hakurudi mpaka mwisho wa Julai. Tafsiri sahihi ni orodha ya siku zisizopungua 10.

Ubaya wa kuchanganya

Sasa tutazame mahali ambapo istilahi hizi zote zinakutana. Tarehe 28 Mei 2023 Anthony Rizzo, mlinzi wa kituo cha kwanza wa Yankees, aligongana na Fernando Tatis Jr. wa San Diego. Vipimo vya mwanzo havikuonyesha mtikisiko wa ubongo, naye baada ya siku chache akarudi mchezoni. Kabla ya siku hiyo wastani wake ulikuwa 304 kwa elfu, na alikuwa na mapigo 11 ya mzunguko. Katika mechi 46 zilizofuata wastani ulikuwa 172, na pigo la mzunguko moja tu. Kwa miezi miwili watu walimwona mchezaji anayekaribia umri wa miaka 34 aliyeishiwa. Tarehe 3 Agosti aliingizwa katika orodha ya majeruhi: vipimo vipya vilionyesha kuwa kasi yake ya kuitikia anachokiona imepungua, na timu ikaeleza kwamba yaelekea chanzo ni kule kugongana. Hakucheza tena msimu huo.

Mfasiri aliyeandika mwezi Julai kwamba Rizzo "ameshuka kiwango" alitoa uamuzi ambao daktari hakuwa ameutoa. Aliyeandika kwamba "ana ukame wa mapigo" aliandika kweli mwezi Julai, na maneno yake yalibaki kuwa kweli mwezi Agosti, baada ya sababu kujulikana. Hatudai kwamba ukame wote una jeraha nyuma yake; wapo wapigaji wa timu hiyo waliokuwa wazima na bado hawakupiga. Tunachodai ni kwamba istilahi ya tokeo isibebe sababu ndani yake. Kidole cha Judge kila mtu alikijua, na hakuna aliyemlaumu. Ubongo wa Rizzo haukuonekana, na neno pekee ndilo lililokuwa na uwezo wa kumwachia nafasi ya kutohukumiwa.

Jambo hili halimhusu mwandishi wa michezo peke yake. Anayejaza taarifa ya utendaji ya karani, na mwalimu anayeandika maoni chini ya alama za mwanafunzi, huchagua kati ya maneno ya namna hii kila mwaka. "Kazi zilizokamilika zimepungua" ni taarifa inayomtaka mkuu atafute sababu. "Amezembea" ni neno linalomwambia kwamba sababu imekwisha patikana.

Tunawaalika wafasiri na walimu wayajaribu maneno haya katika kazi zao, na watuandikie pale yatakapowashinda. Zamu ya hesabu ndiyo inayotutia wasiwasi zaidi, kwa urefu wake. Mwenye neno fupi lililo wazi na alilete.