"Gitaa la Chuma": Maoni Juu ya Rasimu ya Istilahi za Nyuzi

Miongoni mwa rasimu za istilahi tulizoletewa tuzitolee maoni imo moja ya kurasa chache inayohusu lile gitaa linalolazwa mapajani na kupigwa kwa kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi zake. Mwandishi wa rasimu ameliita "gitaa la chuma", kisha akaeleza namna ya kuchagua nyuzi na sauti zake. Tunampongeza kwa kuthubutu kuingia mahali ambapo wengi wetu tumekuwa tukipita pembeni. Hata hivyo, rasimu hiyo tuliichukua hadi Majengo, mjini Sumbawanga, tukamsomea mzee mmoja anayetengeneza magitaa, naye akawa anafuata maelezo yake hatua kwa hatua. Kabla hatujafika ukurasa wa pili, uzi wa nne ulikuwa umekwisha kukatika.

Tuanze na jina. Mzee wetu alipolisikia aliuliza gitaa hilo lilifuliwa wapi. Swali lake si la mzaha. Ufipa ni nchi ya wahunzi. Wafipa waliyeyusha mawe ya chuma katika tanuu ndefu za udongo ziitwazo malungu, na mtu wa huko akisikia "kitu cha chuma" anaelewa kitu kilichotengenezwa kwa chuma. Gitaa linalozungumzwa huwa aghalabu ni la mbao. Limepata jina lake la kigeni kutokana na kile kipande cha chuma anachoshika mpigaji, mtindo ambao sifa ya kuuanzisha hupewa Joseph Kekuku wa visiwa vya Hawaii, mwishoni mwa karne ya 19. Tena yapo magitaa ambayo kiwiliwili chake ni cha madini kwelikweli: kampuni ya National ya Marekani ilianza kuyauza mwaka 1927. Je, hayo nayo tutayaitaje, ikiwa jina lao tumekwisha kulitoa kwa mwingine? Tafsiri ya neno kwa neno imeleta dhana mbili chini ya jina moja, na hilo ndilo kosa ambalo kazi ya istilahi ilianzishwa ili kuliondoa.

Mzee mwenyewe, baada ya kuinua nyuzi za gitaa lake kwa kijiti kilichochongwa na kulilaza magotini, aliliita "gitaa la kulaza". Hatukumfundisha. Jina hilo linaeleza jambo ambalo kila atazamaye huliona mara moja, nalo halidai chochote juu ya mali iliyotengenezewa. Kwa maoni yetu lapaswa kukubaliwa. Jina "gitaa la Hawaii" tusilikatae pia, maana linataja asili yake.

Rasimu inaendelea kwa kuita kila uzi "kamba". Kamba hufungia mbuzi. Wapigaji wa udi na gambusi wa pwani wana nyuzi, na wapigaji wa magitaa ya umeme, bara na pwani, wana nyuzi au waya. Hatuoni sababu ya kuacha neno lililo hai na kuokota lisilofaa. Wako vijana waliojifunza gitaa kwa waya uliochambuliwa kutoka breki ya baiskeli, nao hawakuuita kamba hata siku moja.

Palipo na uzito zaidi ni hapa. Rasimu yasema "kamba ya juu" na "kamba ya chini". Juu kwa kipi? Katika gitaa la kawaida lililoshikwa kifuani, uzi ulio juu kwa mahali ndio wenye sauti ya chini kabisa. Gitaa likilazwa, hapana juu wala chini. Kuna uzi wa karibu na mpigaji na uzi wa mbali naye. Na katika lile gitaa la kulaza lenye pedali na nyuzi 10, ambalo King Sunny Adé wa Nigeria alilitumia katika sahani yake Juju Music ya mwaka 1982, mpatano ulioenea sana huuweka uzi wenye sauti ya juu kuliko yote katika nafasi ya tatu, si ya kwanza. Basi nafasi itajwe kwa tarakimu, "uzi wa tatu", na sauti itajwe kwa jina lake. Maneno juu na chini yabaki kwa sauti peke yake.

Tumeandika "mpatano", nasi tunawiwa maelezo. Rasimu imetumia "mlingano" kwa kitendo cha kuweka nyuzi sauti na pia kwa mpango wa sauti zenyewe. Mlingano ni neno la hisabati na limekwisha kutulia huko. Sisi tungependekeza "kupatanisha nyuzi" kwa kitendo na "mpatano wa nyuzi" kwa mpango. Wapigaji husema "kutyuni" na "tyuni", na wataendelea kusema hivyo. Orodha iyataje kama visawe bila kuona haya.

Turudi kwenye uzi uliokatika. Rasimu iliagiza gitaa la kawaida, lenye E, A, D, G, B, E kutoka uzi wa sita hadi wa kwanza, lipatanishwe kuwa C, E, G, A, C, E. Mpatano huo ni mzuri, tena ni maarufu. Lakini uzi wa nne unatakiwa kupanda kutoka D hadi G, yaani nusu-sauti tano, na mkazo wa uzi huongezeka kwa mraba wa mtetemo wake. Uzi uleule uliopandishwa hivyo hubeba mkazo wa takriban mara 1.8 ya ule wa kwanza. Wakati huohuo uzi wa tano, ulioshuka kutoka A hadi E, hubaki na zaidi kidogo ya nusu ya mkazo wake, ukalegea na kugonga kile kipande cha chuma. Anayetaka mpatano huo hana budi kubadili unene: mahali pa uzi wa nne wenye unene wa 26, kwa sehemu za elfu za inchi, aweke wa 20 hivi, na ule wa tano uwe mnene zaidi.

Rasimu haikusema hivyo kwa kuwa haikuwa na neno la kusemea. Imeandika "kipimo cha kamba", na msomaji hawezi kujua kama ni urefu, mkazo au unene. Mzee alidhani ni urefu. Neno "unene" lilikuwapo, la Kiswahili, halina gharama. Kwa tarakimu tungeandika "uzi wa unene 10", si "uzi namba 10", kwa sababu namba tayari hutumika kwa nafasi, na mwenye duka akiombwa namba nne anaweza kutoa uzi wa nne wa unene wowote.

Wapigaji wa dansi wanaijua hesabu hii bila kuiandika. Katika gitaa ambalo Wakongo huliita mikompoze, uzi wa nne huondolewa, na mahali pake huwekwa uzi mwembamba unaotoa D ya oktavu moja juu. Kwa urefu na mkazo uleule, oktavu moja juu hutaka unene wa nusu. Nico Kasanda, aliyefariki mwaka 1985, alipiga pia gitaa la Hawaii katika baadhi ya nyimbo zake, na wazee wa Majengo waliokulia karibu na redio wanaikumbuka sauti hiyo.

Rasimu tumeirudisha kwa mwandishi pamoja na marekebisho haya. Uzi wa mzee tumeulipa. Uliuzwa pamoja na wenzake watano, kwani mwenye duka hakukubali kuutoa mmoja.