Meza si Kabati

Sina ugomvi na mtu anayependa vitu vyake. Mwenye kukusanya vikombe, mayai ya kioo, sahani za maua au visungura vya kauri, akavifunga kwa magazeti na kuvitia sandukuni, akavitoa mara moja kwa mwaka na kuvipanga upya kwa mkono unaotetemeka kwa hofu ya kuvunja, mtu huyo namheshimu. Anaijua thamani ya kungoja. Ugomvi wangu ni na ile desturi ya kuihamishia kabati mezani siku ya sikukuu, kisha kuwaalika watu waje wakae mbele yake.

Desturi hii imekomaa katika nchi za kaskazini, ambako Pasaka huangukia katika majira ya machipuko, baada ya miezi ya baridi na giza. Katika miaka niliyoishi Ulaya nilialikwa mara kadhaa kula chakula cha mchana cha Jumapili hiyo, na mwaliko mmoja nauchukua kuwa mfano. Meza ilikuwa imetandikwa kitambaa cha rangi ya limau. Katikati palisimama matawi makavu ndani ya mtungi, yakining'inizwa mayai yaliyotobolewa na kupakwa rangi. Kandokando ya mtungi walijipanga sungura wa kauri, kila mmoja na mwaka wake na hadithi ya mahali aliponunuliwa. Kisha vifaranga, vikapu vidogo vya fedha na vishikio vya mishumaa vyenye umbo la ua. Kilikuwa kitu cha kupendeza macho, nami sisemi uongo. Lakini nyama ya kondoo haikupata pa kukaa. Ilibaki jikoni, nasi tukapanga foleni na sahani zetu kama wanafunzi wa bweni. Mtoto wa miaka minne aliambiwa mara tatu asiguse, na mara ya nne akaondolewa mezani. Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza: hivi vitu vilialikwa na nani, na vinafanya kazi gani?

Hilo la kazi ndilo kipimo changu. Wahakiki wa meza (wapo, na majarida ya mapambo yanawalipa) huuliza kama rangi zinapatana, kama urefu wa maua unaziba nyuso, kama vya zamani vimechanganywa vizuri na vipya. Mimi nauliza kama chombo kilichowekwa pale kinampa mgeni jambo la kufanya: kukipokea, kukifungua, kula kilichomo, kumpasia wa pili, au kwenda nacho nyumbani. Kama hakuna hata moja kati ya hayo, basi mgeni amegeuzwa mtazamaji, na sikukuu imegeuzwa maonyesho.

Hata sungura mwenyewe, kabla hajafungiwa katika kauri, alikuwa na kazi. Wajerumani walikwisha kumwandika tangu karne ya 17 kuwa ndiye anayeleta mayai na kuyaficha majanini, na wahamiaji wao wakavuka naye bahari mpaka Pennsylvania katika karne ya 18. Watoto walitoka nje kuyatafuta. Sungura huyo hakuonekana. Kilichoonekana ni mayai yake na magoti ya watoto yaliyolowa umande. (Sungura wetu wa hadithi, yule mlaghai wa Fisi na Simba, angeshangaa sana kusikia kwamba mwenzake wa kaskazini anagawa mayai bure.) Leo anaonekana kila mahali, wala haleti kitu.

Anayetaka kuona jambo hili likifanywa sawasawa na awatazame Waukraine. Yai lao la Pasaka wanaliita pisanka, neno lililotokana na kitenzi chao cha kuandika, na kweli yai hilo huandikwa. Mwandishi wake, ambaye kwa mila alikuwa mwanamke na kazi yake ya usiku, huchukua yai bichi jeupe na kijiti chenye kifaneli kidogo cha shaba nchani. Huyeyusha nta ya nyuki kwa mshumaa na kuchora mistari pale anapotaka pabaki peupe. Kisha yai hutiwa katika rangi ya manjano. Huchora tena pale anapotaka pabaki pa manjano, akalitia katika rangi ya machungwa, kisha nyekundu, na mwisho nyeusi. Kufikia hapo yai ni kitu kibaya, bonge jeusi lenye makovu ya nta. Ndipo husogezwa kando ya mwali, nta ikalainika, ikafutwa kwa kitambaa, na rangi zote zikajitokeza kwa mara moja. Mwenye kuandika haioni kazi yake mpaka imekwisha.

Sasa tazama hekima ya meza yao. Hawana yai la aina moja, wana mawili. Liko hilo lililoandikwa, ambalo ni la kutunzwa, na liko krashanka, lililochemshwa na kutiwa rangi moja tu, ambalo ni la kuliwa. Yote mawili huingia katika kikapu kimoja pamoja na mkate mtamu, siagi na soseji, yakabarikiwa kanisani. Yai la kuliwa humenywa na kuliwa. Yai la kutunzwa hupewa mtu: mtoto, mchumba, mzazi wa ubatizo. Jingine huwekwa zizini kwa ajili ya mifugo, jingine kaburini kwa ajili ya marehemu. Kwa hiyo mkusanyo mzuri wa mapisanka, katika nyumba ya zamani, haukuwa orodha ya vitu ambavyo mwenye nyumba alikuwa na fedha za kuvinunua. Ulikuwa hesabu ya watu waliomkumbuka. Na kwa kuwa lilikuwa bichi, yai lilikauka ndani kwa ndani miaka nenda miaka rudi, na ole wake aliyelidondosha kabla halijakauka! Tunu hiyo ilikuwa na hatari yake, tena yenye harufu.

Jumba la makumbusho la mayai hayo lilifunguliwa mjini Kolomyia mwaka 2000, nalo limejengwa kwa umbo la yai. Mwaka 2024 UNESCO iliiingiza sanaa hiyo katika orodha ya urithi wa wanadamu, kwa ombi la Ukraine na Estonia. Nafurahi kwamba yamehifadhiwa, hasa katika miaka hii ya vita. Lakini naamini kilichoyahifadhi zaidi ni zile jikoni, zikiwamo za wakimbizi wao huko Kanada na Marekani, ambako watu waliendelea kuyaandika na kupeana wakati utawala wa Kisovieti ulipokuwa ukiyakandamiza kwao.

Kinyume chake ni mayai ya Fabergé, ambayo kila mwandishi wa mapambo huyataja kama kilele cha Pasaka. Mwaka 1885 mfalme wa Urusi Alexander III alimpa mkewe yai la kwanza, lenye ganda jeupe na kiini cha dhahabu, na ndani ya kiini kuku wa dhahabu. Mpaka mwaka 1916 familia hiyo ilikuwa imekabidhiwa mayai 50. Ufundi wake hauna mfano, nakubali, na lile la kwanza lina utani mzuri wa kufunguliwa kama yai la kweli. Lakini habari yake inayonigusa ni ile iliyotangazwa mwaka 2014. Mfanyabiashara mmoja wa vyuma chakavu huko Marekani alikuwa amenunua kiyai cha dhahabu chenye saa ndani, kwa dola zipatazo 14,000, akikusudia kukiuza kiyeyushwe. Wanunuzi walikataa bei yake, na kwa bahati hiyo tu kikanusurika; kumbe ni yai la kifalme la mwaka 1887 lililokuwa limepotea. Kabla ya hapo lilikuwa limepita katika mnada wa New York mwaka 1964 bila mtu kulitambua. Tafakari, msomaji: kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya mapenzi ya mtu mmoja kwa mkewe, kikazunguka duniani miaka mingi kikipimwa kwa uzito wa dhahabu. Walipoondoka watu wake, hakikuwa na la kusema. Pisanka ya kijijini ingeweza angalau kutambuliwa na jirani.

Si Wakristo peke yao wenye meza ya majira hayo. Waajemi hutandika yao tarehe 20 au 21 Machi, siku ya Nauruzi, na kwangu mimi hiyo ndiyo meza yenye akili kuliko zote. Huiita haft-sin, maana yake sini saba, kwa kuwa hupambwa kwa vitu saba vinavyoanza na herufi hiyo: majani mabichi ya ngano au dengu zilizooteshwa sahanini, uji mtamu wa ngano iliyochipua, tunda kavu la senjed, kitunguu saumu, tufaha, kiungo chekundu chenye uchachu kiitwacho somaq, na siki, ambayo hata kwetu inaanza na herufi iyo hiyo. Kandokando huwekwa kioo, mishumaa, mayai yaliyotiwa rangi, na kitabu: msahafu kwa wengine, mashairi ya Hafez kwa wengine.

Hapa tunu za nyumba zimo. Kioo huenda ni cha harusi ya bibi, na bakuli huenda limerithiwa mara tatu. Lakini zimekaa ubavuni mwa vitu vinavyooza, na zimewekwa kuvihudumia: bakuli linashika siki, kioo kinazidisha mwanga wa mishumaa, kitabu kinafunguliwa na kusomwa. Tena meza hiyo ina tarehe ya kufa. Siku ya 13 watu hutoka mjini, wakaenda penye maji, na yale majani yaliyooteshwa kwa uangalifu hutupwa katika maji yanayopita. Mpambaji gani wa majarida angekubali kulitupa pambo lake la katikati?

Sisi wa pwani hatupaswi kuiona Nauruzi kuwa habari ya mbali. Mwaka Kogwa wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, unahusishwa na asili hiyo hiyo, ila hesabu ya mwaka wa siku 365 bila siku ya nyongeza iliusogeza polepole hata sasa husherehekewa Julai. Kule hakuna meza wala kauri. Kuna kibanda cha makuti kinachojengwa ili kichomwe moto, na kuna sharti kwamba nyumba isikose mgeni wa kulisha. Mapambo yao ni yule mgeni.

Wala tusijifanye kwamba ugonjwa wa kabati tumeletewa. Nyumba za mawe za Lamu na Pate zilikuwa na zidaka, safu juu ya safu za matundu ya chokaa katika ukuta wa ndani, na humo zilipangwa sahani na mabakuli ya Kichina yaliyovuka bahari. Vilikuwa vitu vya kutazamwa, na vilimtazamisha mgeni ukubwa wa mwenyeji wake. Mtunzi wa Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipotaka kutuonyesha Pate iliyoanguka hakuhitaji kuhesabu maiti. Alituingiza katika nyumba tupu, akatuonyesha ndege wamefanya makao mahali palipokaa sahani. Huo nauona ndio uhakiki mkali kuliko wote uliopata kuandikwa juu ya mapambo ya nyumba katika lugha yetu, na haukutaja rangi wala mpangilio.

Nayaandika haya nikiwa na jambo la kwangu moyoni. Mama yetu, aliyeishi Tanga, alikuwa na seti ya vikombe sita vya kauri nyembamba, vyeupe vyenye ukingo wa waridi, na birika lake. Vilikaa katika kabati la vioo, juu ya vitambaa alivyovifuma mwenyewe. Kwetu Pasaka huja na masika. Hakuna machipuko wala matawi makavu ya kuning'iniza mayai, kuna mvua ya mabati na matope mlangoni. Lakini kila Jumapili ya Pasaka, baada ya ibada, mama alivitoa, akaviosha kwa maji ya uvuguvugu, na kumpa chai ndani yake kila aliyeingia: mchungaji, jirani zetu Waislamu waliokuja kutupa mkono wa sikukuu, hata fundi baiskeli aliyejikinga mvua barazani petu. Sisi watoto tulipewa zamu, mmoja kila mwaka, kunywea kikombe cha maua. Naikumbuka zamu yangu, jinsi ukingo ulivyokuwa mwembamba mdomoni na jinsi nilivyoogopa kumeza.

Mama alipofariki vikombe vilikwenda kwa dada yangu mkubwa. Vyote sita ni vizima. Amevitengenezea kabati jipya lenye taa ndani, na kila Pasaka huvipanga mezani juu ya vitambaa vile vile, na kuvizungushia maua ya plastiki na mayai ya kuchezea yanayouzwa madukani siku hizi. Chai tunanywea vikombe vingine. Wajukuu zake wanajua kwamba vile ni vya bibi mzaa bibi, nao huvipita wakiwa wamefunga mikono nyuma, kama walivyofundishwa.

Tumebishana, mimi na dada, kwa adabu inayompasa mkubwa. Yeye husema kikivunjika hakuna pa kununua kingine, na kwamba mama amebaki humo. Hoja yake si nyepesi. Hawezi kumleta mama, anaweza kuvilinda vikombe. Mtu hushika kinachoshikika. Mimi humjibu kwamba mama alivinunua viwe sita ili watu sita wanywe. Hunyamaza, akaniongezea chai katika kikombe cha kawaida.

Mwaka huu nimemwomba anipe vitatu. Nimemwambia wazi kwamba nyumbani kwangu vitanywewa, na kwamba huenda visifike Pasaka ya pili. Amesema atafikiri. Wiki iliyopita mwanawe alinipigia simu akiuliza, kwa niaba yake, kama nyumbani kwangu tunatumia maji ya moto sana kuoshea vyombo.